Wamechinja Ng'ombe wa Mahari, Wakanipa Ufunguo

Mama Theodosia, shikamoo.

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunicheka, maana hapa nyumbani Susuni wameshanicheka wote, umebaki wewe tu na wasomaji wako, na nakuandikia nikiwa nimejificha stoo juu ya gunia la mahindi ya mama yangu, mwanaume wa miaka thelathini na minne, mwenye bucha yake nchi ya watu, nimekaa kwenye gunia nawasikia ndugu zangu uani wakinijadili kama kesi ya mpaka wa shamba.

Jina langu ni Nassib, mtoto wa mzee Waitara, na jina liandike tu gazetini, hakuna asiyejua. Sisi ni Wakurya hasa, ila baba alisilimu ujanani alipokuwa akifanya kazi Musoma, kwa hiyo kwenye boma letu kuna Waislamu, kuna Wasabato, na kuna wengine siku yao ya kusali hata wao hawaijui, lakini kwenye mambo ya ng'ombe wote tuna dini moja.

Miaka sita iliyopita nilisindikiza ng'ombe wa tajiri mmoja kutoka mnadani huku mpaka kisiwa cha Ngazija, nchi ya Komoro, ambayo ukiitafuta kwenye ramani utadhani ni mahali kalamu ya mchoraji iliteleza. Kazi yangu ilikuwa kuwashusha salama na kurudi, lakini nilipoona watu wa pale wanakula mabawa ya kuku wa barafu kutoka nchi wasizozijua, na nyama ya ng'ombe mbichi inaonekana siku ya arusi tu, nikajiambia Nassib, usipande meli, hapa pana riziki yako. Nikabaki, nikachinja kwa mshahara, nikachinja kwa kandarasi ya arusi, mwishowe nikafungua bucha Moroni, na leseni tulipatana iandikwe kwa jina la mwenyeji aliyenipokea, mzee Abdu, mtu mwema sana, kwa sababu mimi kibali changu cha kukaa nakihuisha kila mwaka na kila mwaka naswali rakaa mbili za ziada wasije wakaninyima.

Mama, kufanya biashara kwenye nchi ndogo ya visiwa siyo kama Tarime, ambapo ukigombana na wateja wa Nyamwaga unahamia kwa wateja wa Sirari. Pale hakuna Sirari. Ukimkatia mtu mfupa mwingi asubuhi, adhuhuri wanaume waliokaa bangwe, ule uwanja wao wa mazungumzo, wameshakupa jina la Bwana Mifupa, na jioni dereva wa teksi anakuuliza ule mfupa ulikuwa wa wapi, wa goti au wa shingo. Mgeni pale unaishi kwa jina lako zuri, likichafuka ni heri uogelee urudi kwenu. Lakini nilijitahidi, nikapendwa, nikawa naalikwa.

Sasa mzee Abdu ana dada yake, na dada yake ana binti anaitwa Eshati. Huyu ni mfanyabiashara kweli kweli, mara nne kwa mwaka yuko Kariakoo kuchukua vitambaa na vyombo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na siku ya kwanza alipokuja bucha alinisikiliza nikiongea na wateja, akachukua kilo zake mbili, akasema, "Wewe Mtanzania, nyama yako nzuri, lakini lugha yako umeikatakata vibaya." Mama, nikapenda palepale, na kisu mkononi.

Miaka miwili baadaye nikapeleka posa. Wazee wao wakaniuliza utaleta nini, wenzako wanaleta dhahabu, nikasimama kifua mbele nikasema mimi ni Mkurya, mimi naleta ng'ombe. Walifurahi sana, wakapiga makofi, mama mkwe akapiga vigelegele, nikasema moyoni kumbe watu hawa tuna mila moja, na hapo ndipo nilipopotea na sikujua kama nimepotea.

Nikaja mpaka huku kuchagua mitamba sita, wote wana mimba, kila mmoja nilimshika mgongo kwa mkono wangu, nikamwangalia kiwele, nikauliza mama yake alizaa mara ngapi, kwa sababu mahari ni lazima izae, wewe umekaa huku unajua, ng'ombe anakwenda kwa wakwe azae kule na mke anakuja kwako azae hapa. Na majina nikawapa njiani, na yule mkorofi kuliko wote, asiyeambiwa kitu, nikamwita Serikali. Lori mpaka Dar es Salaam, meli mpaka Moroni, nilitapika mimi, wao hapana. Alhamisi nikawafikisha uani kwa mama Eshati nikiwaita kwa majina, wazee wakaja kuwatazama, wakawapapasa mapaja wakasifia, nami nikajua wanasifia uzao.

Ijumaa natoka msikitini nakuta moshi.

Watano wamelala chini, sufuria za kukodi zimepangwa mpaka barabarani, na aliyechinja ni fundi wangu mwenyewe wa bucha, kwa kisu changu mwenyewe, ananiita kwa furaha bwana harusi karibu, umetuheshimisha, hakuna mgeni aliyewahi kuleta nyama nyingi hivi. Nyama. Mitamba watano wenye mimba wanaitwa nyama. Nililia machozi mbele za watu, wakadhani ni furaha, wakanipiga picha wakaituma kwenye magrupu ya WhatsApp. Serikali peke yake alikuwa hai, Eshati alikuwa amemfunga nyuma ya nyumba moja mpya iliyokuwa palepale uani, sijui walimsahau ama vipi.

Nikasema basi, ng'ombe wamekwenda, angalau mke atakuja. Watu walipomaliza kula, mama mkwe akanishika mkono mpaka kwenye ile nyumba mpya, vyumba vitatu, tangi la maji juu, vitanda vimetandikwa, akanipa ufunguo, akasema, "Hapa ndipo utakapokaa, mwanangu." Nikamwuliza, na Susuni je? Akanitazama kwa ukali akaniuliza, "Susuni ni nani?"

Ndipo nikaelezwa vizuri na mzee Abdu. Kule nyumba ni ya mwanamke, inatoka kwa mama kwenda kwa binti, na hii ya Eshati wajomba zake walianza kuijenga akiwa mtoto wa shule. Mwanaume anakuja na nguo zake. Hata mzee Abdu na heshima zake zote anakaa kwa mkewe, wakikosana anakwenda kulala kwa dada yake. Nikasikia masikio yanawaka. Ndoa yenyewe ilikuwa bado haijafungwa, nikasema ngoja nikachukue baraka za baba, nikaondoka na meli ya Jumanne, na leo ni wiki ya nne niko hapa napalilia migomba ambayo haina majani ya kupalilia.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, "Mtoto wangu niliyemtahiri mwenyewe anakwenda kufugwa?" halafu akaondoka kwenda kwa ng'ombe wake na tangu siku hiyo anaongea na mimi kupitia watu. Kaka yangu Nchagwa ndiye balaa, anasema hakuna shida, na wao walete mahari, wewe ni kijana mzuri, meno unayo yote, tutakutoa kwa ng'ombe wasiopungua ishirini, na juzi kilabuni amenitambulisha kwa watu kama bibi harusi. Bibi Nyangi, mke mdogo wa marehemu babu, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume akamwoa mwanamke mwenzake, Rhobi, kwa ng'ombe wake mwenyewe ili apate watoto wa nyumba yake, ile ndoa yetu ya nyumba ntobhu, yeye anataka tu aonyeshwe picha ya Eshati, akishaonyeshwa anacheka na kurudi kwa mke wake.

Na juzi Eshati amenitumia sauti kwenye simu, haikuwa hata na hasira, alisema, "Nassib, sikulazimishi. Ramadhani ikiandama hujarudi, nyumba nitaifunga, bucha mjomba atampa mtu mwingine, na mimi nitaendelea na safari zangu. Ila usiniambie tena kwamba unamsubiri baba." Zimebaki wiki tatu.

Mama Theodosia, nampenda mpaka ugali haupiti. Lakini nikienda, mimi si nitakuwa mwanaume aliyeolewa? Nimwambie aje yeye Susuni, ama nidai kwanza mitamba wangu watano, ama niachane na kisiwa chote nianze upya hapa mnadani? Na je, nikifa kule kwenye nyumba ya mwanamke, nitazikwa kwa nani? Nisaidie, mimi nimeshindwa.

Nassib Waitara, Susuni, Tarime.

*

MAMA THEODOSIA ANAJIBU

Marahaba, Nassib. Kwanza toka stoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, nisamehe, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Na kwa hao mitamba nakupa pole ya kweli. Nimeishi na Wakurya miaka thelathini na moja, niliolewa na mmoja wao, marehemu Hezekia, na nilimwona akikaa macho makavu kabisa kwenye msiba wa mjomba wake, halafu mwezi huohuo akamlilia ng'ombe mpaka akashindwa kula. Kwa hiyo sikuoni mjinga kwa kulia. Ujinga wako uko mahali pengine, tulia tuutafute pamoja.

Wewe ni nani pale Ngazija? Wewe ni mwenye bucha. Kwa miaka sita kila ng'ombe uliyemwongoza kwenye nyumba yenye arusi ulimchinja, tena kwa kandarasi. Halafu siku ya arusi yako unawaleta sita, wanono, unawafunga uani Alhamisi jioni, hufungui mdomo, na unategemea Ijumaa wakukute wanawatafutia malisho? Mtu anayesifia uzao hapapasi paja, Nassib. Hilo ulilijua, umechagua ng'ombe maisha yako yote, lakini ulikuwa umeshavimba kichwa kwa vigelegele. Neno moja tu lilitosha, hawa ni wa kufuga. Hukulisema kwa sababu kwenu halisemwi, kila mtu anazaliwa akilijua. Ukiwa ugenini, lile ambalo kwenu halisemwi ndilo la kusema kwanza.

Kwa hiyo habari ya kudai mitamba watano ifute. Walioliwa wameliwa, tena kwa heshima yako. Na umeandika kurasa tatu hukusema kama wewe ulikula au hukula. Mimi najua ulikula.

Sasa tuje kwa Serikali. Unaandika kwamba Eshati alimfunga nyuma ya nyumba yake, sijui walimsahau ama vipi. Hujui? Mimi niko Tarime, sijawahi kumwona huyo dada, na nimejua. Uani kuna watu, kuna moto, kuna visu, kuna wazee wanasubiri pilau, na ng'ombe mkubwa, mkorofi, asiyeambiwa kitu, wamsahau? Binti huyo hakuijua mila yako, lakini alikusikia ukiwaita kwa majina, akaona mtu haiiti nyama kwa jina. Akamtoa mmoja mbele ya wajomba zake wote, siku yake mwenyewe ya kuonekana, akamficha kwa ajili yako. Ulimwuliza? Hukumwuliza, ulipanda meli ya Jumanne. Na huyo mtamba mwenye mimba, kwenye kisiwa cha mawe, wiki ya nne hii, nani anamkatia majani? Wewe uko Susuni unapalilia migomba isiyo na majani ya kupalilia.

Haya, twende kwenye nyumba, maana ndipo roho yako ilipokwama. Unasema mwanaume hakai kwa mwanamke. Mura, kijana wangu, hebu hesabu nyumba za boma lenu. Kila mke ana nyumba yake, jiko lake, ghala lake. Babu yako alikuwa na wake kadhaa, nionyeshe nyumba ambayo ilikuwa ya babu peke yake. Alikuwa anapokewa, akikosana na huyu anakwenda kwa yule, sawasawa na mzee Abdu wako anayekimbilia kwa dada yake. Hata hilo gunia ulilokalia umeandika mwenyewe ni la mama yako. Na Bibi Nyangi? Ameoa kwa ng'ombe wake, watoto wa Rhobi wanaitwa kwa nyumba yake, mwanaume akipita pale anapita kama mgeni, na boma zima mnaliita jambo la heshima, tena ukimdharau Bibi Nyangi baba yako atakutafuta kwa fimbo. Kwa hiyo usiniambie Mkurya hajui nyumba ya mwanamke. Unaijua tangu unanyonya. Nadhani ndiyo maana Bibi anacheka, na ningekuwa wewe ningemwuliza anachokiona.

Kinachokuuma ni Nchagwa na kilabu chake. Nchagwa ana bucha ngapi? Amevuka bahari gani? Kaka ambaye kazi yake ni kuwachekesha walevi kwa jina lako, unamkabidhi arusi yako aipime? Baba yako ni habari nyingine, yule ameumia kweli, anaona mtoto anapotea, na hilo halitibiwi kwa kujificha. Mkute asubuhi huko kwenye ng'ombe wake, mweleze kwa mdomo wako habari ya mtamba aliyebaki. Usianze na nyumba. Anza na mtamba, kwamba yuko, ana mimba, na kwamba aliyemwokoa ni huyo mkwe anayemkataa. Mzee wa Kikurya atauliza, anatarajia kuzaa lini? Akishauliza hivyo, mmeanza kuongea.

Kuhusu kaburi, una miaka thelathini na minne, unataka ushauri wa kuishi ama wa kufa? Lakini sitakudharau kwa swali hilo, maana najua kwenu mtu asiye na pa kuzikwa ni kama hakuwahi kuwa na kwao. Basi jenga. Hapa Susuni, kwenye ardhi ya baba yako, chumba na sebule, bati na sakafu ya saruji, polepole. Ukija na mkeo msilale stoo. Mkiwa na watoto wajue kwa babu yao. Mwanaume mwenye nyumba Susuni na ufunguo Ngazija simwoni kama amefugwa, namwona kama tajiri, na Nchagwa naye atamwona hivyo siku ya kuomba nauli.

Jambo la leseni linanitisha kuliko la nyumba, na wewe umelipitia juu juu. Kitanda chako ni cha Eshati, hilo sawa, ndiyo mila yao. Lakini riziki yako nayo iko kwa jina la mjomba wake. Siku mkigombana kwa sababu ya chumvi, utakosa pa kulala na pa kufanyia kazi kwa wakati mmoja, na kwenye kisiwa hicho umesema mwenyewe hakuna Sirari ya kuhamia. Kwa hiyo kabla ya ndoa kaa na mzee Abdu, kwa adabu, mbele ya mashahidi, muulizane sheria ya kwao inamruhusu mgeni nini. Muulize mwenye ofisi, siyo wanaume wa bangwe. Kama inawezekana uandikwe wewe, uandikwe. Kama haiwezekani, basi pawe na mapatano ya maandishi yenye sahihi. Tena yafanyike kabla, ili kesho mtu asije akasema Bwana Mifupa alioa leseni. Nikiwa nesi nimewaona waume wengi wanalala nje kwa ugomvi mdogo, lakini asubuhi walikuwa na kazi ya kwenda.

Na Eshati mpigie leo. Usimtumie sauti wala vikopa vya moyo, piga simu akusikie unavyohema. Mwambie ukweli wenye aibu, kwamba hukuwa unamsubiri baba, ulikuwa umeogopa. Mwombe radhi kwa kuondoka bila kusema. Muulize hali ya mtamba. Halafu mweleze kwa nini ng'ombe wa mahari kwenu hachinjwi, mweleze taratibu, naye akueleze kwa nini nyumba kwao haihamishwi, mpaka kila mmoja aweze kuirudia habari ya mwenzake bila kukosea. Mwombe kila mwaka safari moja ya Kariakoo iishie Susuni, na hilo mliseme mbele ya atakayewafungisha ndoa. Anajua biashara huyo, ataelewa mapatano.

Kama baada ya yote haya moyo wako unasema hapana, basi sema hapana. Useme wewe, kwa jina lako, kabla ya Ramadhani. Usiuachie mwezi mwandamo ukusemee, na usimwache mwanamke mwenye akili zake akihesabu siku kwa ajili ya mtu aliyejificha kwenye mahindi.

Nimebakiza moja. Umeuliza kama utakuwa mwanaume aliyeolewa. Mwanangu, mimi nilizaliwa Bukoba. Nilipangiwa kazi ya unesi Nyamwaga nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikaolewa na Hezekia, nikaingia kwenye boma ambalo hata paka wa pale alikuwa anaelewa Kikurya kuliko mimi. Nilipika ndizi zikachekwa. Nilisalimia vibaya nikachekwa. Chombo cha kuogea sikujua kinawekwa wapi, na sikuwa na wa kumwuliza. Hakuna aliyeandika gazetini kuuliza kama nimemezwa, na hakuna aliyejali nitazikwa kwa nani. Waliniambia hongera, mke mwema, kaa ujifunze. Nikakaa, nikajifunza, na pakawa kwangu.

Na siyo mimi tu. Boma lenu lote, toka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, limejaa wanawake waliotoka kwao na nguo zao wakaja kuanza maisha kwenye nyumba ya watu. Wewe umeombwa ufanye mara moja, tena kwa mtu unayempenda, jambo ambalo wao walilifanya wakiwa wasichana na wengine hata bwana harusi hawakuwahi kumwona. Kwa hiyo kabla hujashika simu, nenda jikoni kwa mama yako. Muulize siku aliyoletwa Susuni ilikuwaje, nani alimpokea, nani alimwonyesha njia ya kisima, na alilia siku ngapi kabla hajazoea. Nina hakika hujawahi kumwuliza, wala baba yako, wala Nchagwa. Kaa chini umsikilize mpaka amalize. Halafu kakate tiketi.